Maumivu ya viungo vya mikono: dalili zisizopaswa kupuuzwa na namna ya kuendelea na kazi

Mkokotoni, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, ni mji wa pwani ambao riziki yake hupitia mikononi. Wavuvi huvuta na kushona nyavu, wengine huanika dagaa, na katika vijiji vya pwani ya mkoa huo wanawake hufunga mbegu za mwani kwenye kamba, husokota kamba za makumbi na kushona mikeka ya ukili. Vidole vinapokataa kukunjika, kipato cha nyumba nacho hupungua. Hata hivyo, wengi huyachukulia maumivu hayo kuwa ni uzee tu, na huchelewa kutafuta tiba.

Maradhi ya viungo vya mikono yana aina zaidi ya moja, na kila aina ina tiba yake.

Uchakavu wa viungo

Aina inayowapata watu wengi zaidi ni uchakavu wa viungo. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, hulika taratibu. Mkononi, uchakavu huonekana zaidi kwenye viungo vya karibu na kucha, vya katikati ya vidole na shina la kidole gumba, ambapo huweza kuota vinundu vigumu. Maumivu huzidi wakati wa kazi na hupungua kwa mapumziko. Mkono ukikakamaa asubuhi, kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Umri, urithi, majeraha ya zamani na kazi za kushika kwa nguvu kwa miaka mingi huchangia, na wanawake waliovuka miaka 50 huathirika zaidi.

Baridi yabisi

Jina la baridi yabisi huwafanya wengi waamini kuwa maradhi haya huletwa na baridi au maji ya bahari. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini chanzo ni kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 18 duniani walikuwa na maradhi haya mwaka 2019, na takriban asilimia 70 kati yao ni wanawake. Huweza kuanza hata ujanani.

Dalili zake ni uvimbe na joto kwenye vifundo vya vidole na viwiko vya mikono, mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja, uchovu wa mwili, na mkono kukakamaa asubuhi kwa saa moja au zaidi. Bila ya tiba, viungo huharibika na vidole hupinda, na uharibifu huo haurudi nyuma. Tiba ikianza katika miezi ya mwanzo, mikono mingi huokolewa.

Maumivu ya viungo huweza pia kufuatia homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu. Homa hiyo ilitambuliwa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetokana na lugha ya Kimakonde. Maumivu yake huweza kudumu kwa miezi.

Wakati wa kwenda hospitali

Mwenye uvimbe wa vidole uliodumu zaidi ya wiki mbili, au kukakamaa kwa muda mrefu kila asubuhi, anashauriwa kufika kituo cha afya kilicho karibu. Kwa Wilaya ya Kaskazini A ipo pia Hospitali ya Kivunge, na wanaohitaji uchunguzi zaidi huweza kupewa rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na kuambatana na homa, mgonjwa afikishwe siku hiyohiyo.

Dawa za maumivu, kama vile diklofenaki, hutuliza lakini hazizuii baridi yabisi kuharibu viungo. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya ushauri huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi, hunywewa mara moja tu kwa wiki, huhitaji vipimo vya damu na haifai kwa mjamzito.

Kuendelea na kazi

Kuroweka mikono katika maji ya uvuguvugu asubuhi hulegeza vidole. Kiungo chenye uvimbe na joto hutulizwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya baridi. Baada ya hapo, mgonjwa akunje ngumi polepole na kuifungua, kisha aguse ncha ya kila kidole kwa kidole gumba.

Mpini wa kisu uliozungushiwa kitambaa hushikika kwa nguvu ndogo. Ndoo ibebwe kwa mikono miwili au maji yagawanywe katika vyombo vidogo. Kazi za kubana, kama kukamua tui kwa kifumbu na kukamua nguo, zipokewe na vijana wa nyumbani. Anayesokota kamba au kushona ukili apumzishe mikono kila baada ya muda mfupi, kabla maumivu hayajaanza.