Nani Apandishe Joto la Ukumbi?

Anayechagua muziki wa usiku wa swing huanza na kasi. Wimbo wa mapigo 130 kwa dakika unamfaa anayejifunza. Wa 180 unamtaka aliyekwisha kuizoea dansi ya lindy hop, na ukipita 220 wengi husogea ukutani wakawaachia uwanja mafundi. Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu ni kujua joto la usiku lipandishwe wapi, na nani alipandishe.

Pale Savoy Ballroom, Harlem, ukumbi uliofunguliwa 1926, kazi hiyo ilikuwa ya wanamuziki. Ukumbi ulikuwa na majukwaa mawili: bendi moja ikimaliza, nyingine inadaka, muziki haukatiki. Chick Webb alipiga dramu akiwa na wachezaji mbele ya macho yake, na waliitikiana. Benny Goodman, nyota wa redio, alipokuja kushindana naye Mei 1937, ukumbi ulimpa Webb ushindi.

Leo Webb yumo kwenye santuri ya dakika 3, hamwoni mtu. Macho yamebaki kwa dijei. Ndiyo maana “Sing, Sing, Sing” ya Goodman ni mtego: kila mtu anaijua na kuiomba, lakini rekodi ya 1937 inapita dakika 8, tena kwa kasi. Aliyemwomba mgeni dansi hujikuta hana pumzi wala namna ya kuaga kwa heshima.

Wacheza tango wa Buenos Aires walilimaliza tatizo hilo kwa utaratibu. Nyimbo hupangwa kwa mafungu, yaani tanda: 3 au 4 za okestra moja, za kipindi kimoja. Kisha huja cortina, kipande kifupi cha muziki wa namna nyingine, watu wakarudi vitini. Ukisikia okestra ya D'Arienzo inaanza, unajua fungu zima litakuwa la kasi na mapigo makali, nawe unamtafuta kwa macho mwenzi wa kuliweza. Nauheshimu utaratibu huu, ila nisingeupeleka kwenye swing. Huko raha mojawapo ni kudaka mkono wa mtu kabla hujajua wimbo unakupeleka wapi.

Muziki wa dansi wa Tanzania ulipita njia nyingine kabisa: joto liliwekwa ndani ya wimbo wenyewe. Isikilize Sikinde, bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam iliyoanzishwa 1978. Mwimbaji anasimulia kisa taratibu, wawili wawili wanayumba. Kisha linaingia chemko, sehemu ya kasi: magitaa yanajibizana, tarumbeta zinapasua, walioshikana wanaachiana, na mtindo wa bendi unachukua ukumbi. Chemko linalipwa na subira ya kile kisa. (Madijei wa harusi wanaorukia chemko moja kwa moja wanajua wanachokiiba.)

Swing haina mgawanyo huo wa kasi, lakini Count Basie alikaribia. “One O'Clock Jump” ya 1937 inaanza na kinanda chake, wapigaji wanapokezana, hadi mwishoni saksafoni na tarumbeta zinarudia vipande vifupi, kimoja juu ya kingine. Kasi ni ileile mwanzo hadi mwisho, joto ndilo linalopanda. Ukumbi ukipoa saa nne usiku, ningeuweka huo kabla ya kufikiria wimbo wowote wa mapigo 220. Aliyekwisha kuizoea lindy hop ataumudu, na fundi hatachoka nao.