Nguvu Iliyotoka Mikononi

Msomaji, wewe uliyelelewa Sotik bila shaka umepata kuona trekta likipanda vilima vya michai. Nyuma yake pana mhimili unaozunguka, upelekao nguvu ya injini kwenye chombo kingine, kama vile pampu. Na huenda mzee amekusimulia malori ya zamani, yaliyowashwa kwa hendeli, dereva akitoka jasho kabla ya safari kuanza. Mambo hayo mawili, kuiamsha injini na kuigawa nguvu yake, yaliwashughulisha pia mafundi wa vifaru vya Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili (1939–1945).

Tukitazame kifaru kiitwacho Tiger, kilichoingia vitani mwaka 1942. Uzito wake ulikuwa tani zipatazo 57, na injini yake ya Maybach ilikuwa na silinda 12. Lakini injini, hata iwe kubwa namna gani, hulala mpaka izungushwe kwanza. Mota ya umeme ilikuwapo. Ila katika baridi kali ya Urusi betri zilidhoofika na oili ikawa nzito. Hapo askari walichomeka hendeli nyuma ya kifaru.

Je, mikono ya watu iliwezaje kuamsha jitu hilo? Haikuizungusha injini yenyewe. Ilizungusha gurudumu zito kwa njia ya gia, polepole kwanza, kisha kwa kasi zaidi na zaidi. Haba na haba hujaza kibaba: nguvu ya mikono iliwekwa akiba ndani ya gurudumu hilo. Kasi ilipotosha, liliunganishwa na injini. Akiba yote ikatumika mara moja, na injini ikanguruma.

Injini iliyoamka iligeuza pia chumba cha juu chenye mzinga, kwa nguvu iliyochukuliwa kwenye mhimili wake. Ilipozimika, mpiga mzinga alilazimika kukigeuza kwa mkono, polepole, huku adui akimlenga. Aprili 1943, huko Tunisia, kombora la Waingereza lilikwamisha chumba hicho cha Tiger mmoja. Askari wake walikimbia, wakakiacha kifaru kizima kitekwe. Leo kimo katika makumbusho ya Bovington, Uingereza.

Basi, uonapo mashine kubwa, usistaajabu tu. Uliza: ni nini kinachoiamsha, na nguvu yake yapelekwa wapi? Ukiyajua hayo, trekta la jirani litakuwa mwalimu wako.