Vihatarishi vya saratani Masasi na Newala

Vihatarishi vya saratani ni mambo yanayoongeza uwezekano wa mtu kupata saratani (pia: kansa). Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kusini mashariki mwa Tanzania, vihatarishi kadhaa vyenye uzito ni maambukizi yanayoweza kuzuilika kwa chanjo, dawa au uchunguzi wa mapema.

Mji wa Newala uko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, juu ya bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi. Wakazi wengi ni wakulima wa korosho, mihogo, mahindi na karanga.

== Maana ya hatari ==
Saratani huanza pale seli za mwili zinapopata kasoro katika jeni zake na kuongezeka bila mpangilio. Kihatarishi hakimaanishi kwamba mtu ataugua. Wapo wavutaji wa sigara wasiopata saratani, na wapo wagonjwa wasio na kihatarishi kinachojulikana. Umri mkubwa na urithi wa kifamilia haviwezi kubadilishwa, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 30 hadi 50 ya saratani zinaweza kuzuilika.

Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kugusana, kula pamoja au kumuuguza mgonjwa. Kinachoweza kuambukizwa ni baadhi ya virusi vinavyoisababisha.

== Maambukizi ==
* Virusi vya HPV huenezwa kwa kujamiiana na ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Aina ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Kwa wanawake wa Tanzania, hii ndiyo saratani inayoongoza.
* VVU hudhoofisha kinga ya mwili. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita hivi kuliko asiye navyo. Saratani ya Kaposi pia hupata zaidi watu wenye VVU, na dawa za kufubaza virusi hupunguza hatari hiyo.
* Homa ya ini aina ya B inapokuwa sugu huweza kuleta saratani ya ini.
* Kichocho cha mkojo kisichotibiwa kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Konokono wanaobeba vimelea vyake huishi katika mabwawa, mito ya polepole na mashamba ya mpunga. Kwa sababu hiyo hatari ni kubwa zaidi mabondeni kuliko juu ya uwanda, ambako maji ya juu ya ardhi ni haba.

== Chakula, ulevi na tumbaku ==
Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota kuvu watoao sumukuvu, ambayo huharibu ini. Hatari huzidi sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Kukausha mazao juu ya turubai au mkeka badala ya udongo mtupu, kuyahifadhi pakavu na kutupa punje zilizoota ukungu hupunguza sumu hiyo. Kupika hakuiondoi yote.

Pombe ya aina yoyote, ikiwemo uraka wa mabibo na gongo, huongeza hatari ya saratani za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Anayekunywa na kuvuta tumbaku kwa pamoja yuko katika hatari kubwa zaidi ya saratani za kinywa na koo.

== Jua na ualbino ==
Watu wenye ualbino hupata saratani ya ngozi mapema kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kutosha kuikinga dhidi ya jua. Kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kufanya kazi za shamba asubuhi na jioni ni kinga muhimu.

== Kinga na uchunguzi ==
Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabadiliko ya mlango wa kizazi yanaweza kuonekana kwa kipimo cha siki na kutibiwa kabla hayajawa saratani.

Kuchelewa kuna gharama kubwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, inayotoa tiba ya mionzi, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Damu kwenye mkojo, kutokwa damu ukeni baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi, uvimbe usiopungua na kidonda kisichopona ni dalili za kumfikisha mtu kituo cha afya bila kusubiri maumivu.

== Tazama pia ==
* Saratani ya mlango wa kizazi
* Kichocho
* Mkoa wa Mtwara