Kayole na Kura ya Pili ya Seneta

Mkazi wa Kayole aliyejiandikisha kuwa mpiga kura kabla ya uchaguzi wa 2013 amekwisha kupewa karatasi sita za kura mara tatu: tarehe 4 Machi 2013, tarehe 8 Agosti 2017 na tarehe 9 Agosti 2022. Mojawapo ya karatasi hizo huwa ya seneta wa Nairobi. Katika uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022, jina la seneta aliyekuwa anamaliza muhula halikuwamo kwenye karatasi hiyo. Mike Mbuvi Sonko alikaa muhula mmoja akahamia kwingine, na Johnson Sakaja akafanya vivyo hivyo. Wakazi wa Kayole wamesaidia kuchagua maseneta watatu, lakini hadi uchaguzi huo wa tatu hawakuwa wamepata nafasi ya kumwambia yeyote kati yao: umefanya kazi, rudi, au: hukufanya kazi, kapumzike. Chanzo cha hali hiyo ni cha zamani kuliko watu hao watatu, na ili kukielewa inafaa tuanzie mwanzo wa Seneti yenyewe.

Kenya ilipata Seneti yake ya kwanza mwaka 1963, chini ya katiba ya majimbo. Ilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, na kazi yake kuu ilikuwa kulinda maeneo dhidi ya nguvu za serikali kuu. Muhula wa seneta ulikuwa wa miaka sita, na theluthi moja ya viti ilipaswa kurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Serikali ya Jomo Kenyatta haikuutaka mfumo wa majimbo. Ulipovunjwa, baraza lililouwakilisha halikuwa na nguzo ya kuegemea, na mwishoni mwa 1966 Seneti iliunganishwa na baraza la chini. Baraza hilo liliishi miaka mitatu na ushei tu, kwa hiyo desturi ya seneta kurudi kwa watu na hesabu ya kazi yake haikupata muda wa kuota mizizi.

Seneti ya pili ilizaliwa na Katiba ya 2010, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo. Katiba hiyo iliunda kaunti 47, ikampa kila moja gavana wa kuiendesha na seneta wa kuiwakilisha bungeni. Mgawanyo huu wa kazi ndio kiini cha historia yote inayofuata. Gavana ana bajeti, mawaziri wa kaunti, hospitali, masoko na barabara za mitaa. Mbunge, ambaye hutunga sheria katika Bunge la Taifa, ana pia mfuko wa maendeleo ya eneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003, na madarasa yanayojengwa kwa fedha hizo huandikwa jina la mfuko ukutani. Seneta hana mfuko wa aina hiyo. Kazi yake ni kuamua pamoja na wenzake jinsi kaunti zitakavyogawana fedha za taifa, kukagua matumizi ya gavana na, gavana anaposhtakiwa na wawakilishi wadi, kuamua kama ang'olewe. Ni kazi nzito, lakini haionekani kwa macho. Mama anayepanga foleni katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ataona dawa zipo au hazipo. Hataona swali aliloulizwa gavana katika kamati ya Seneti kuhusu dawa hizo.

Wakati katiba mpya ikianza kutumika, ramani ya kisiasa ya Kayole nayo ilibadilika. Mtaa huu, uliokua haraka tangu miaka ya 1980 kwa watu waliotoka pande nyingi za nchi, ulikuwa ndani ya eneo bunge moja kubwa la Embakasi. Embakasi hiyo haikuwa mali ya chama kimoja. Mwishoni mwa 2007 ilimchagua Mugabe Were wa ODM. Alipouawa Januari 2008, katika siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, uchaguzi mdogo wa mwaka huo ulimpa kiti Ferdinand Waititu wa PNU, upande wa pili kabisa. Kabla ya uchaguzi wa 2013 Embakasi iligawanywa kuwa maeneo bunge matano. Kayole ikaingia Embakasi ya Kati, yenye wadi za Kayole Kaskazini, Kayole ya Kati, Kayole Kusini, Komarock na Matopeni/Spring Valley.

Mipaka hiyo mipya iliwatenganisha wapiga kura waliokuwa wakishindana katika sanduku moja. Mwaka 2013, Embakasi ya Kati, Kaskazini na Magharibi zilichagua wabunge wa TNA, chama cha Uhuru Kenyatta. Embakasi Kusini na Mashariki zikachagua wabunge wa ODM, chama cha Raila Odinga. Embakasi ya Kati haijatoka kwenye mkondo wake tangu hapo. John Ndirangu alishinda kwa TNA mwaka 2013, Benjamin Gathiru akashinda kwa Jubilee, mrithi wa TNA, mwaka 2017, na Gathiru huyo huyo akarudishwa kwa tiketi ya UDA, chama cha William Ruto, mwaka 2022. Hivyo Kayole imekuwa na hali mbili kwa wakati mmoja. Katika kura ya ubunge ni eneo la upande mmoja. Katika kura ya useneta ni sehemu ya jiji ambalo halina mwenyewe.

Uchaguzi wa 2013 ulionyesha wazi hali hiyo ya pili. Sonko, aliyekuwa mbunge wa Makadara tangu uchaguzi mdogo wa 2010, aligombea useneta kwa TNA na kumshinda Askofu Margaret Wanjiru wa ODM, akipata zaidi ya kura 800,000. Siku hiyo hiyo, wapiga kura hao hao walimpa ugavana Evans Kidero wa ODM, na Waititu wa TNA akashindwa. Wako Wanairobi wengi waliopiga kura ya suti, yaani chama kimoja kutoka juu hadi chini, lakini waliochanganya vyama walitosha kuamua matokeo.

Sonko aliingia Seneti akiwa na umaarufu mkubwa kuliko nyenzo za ofisi yake. Kabla muhula wake haujaisha alikuwa ameanzisha kikosi chake binafsi, Sonko Rescue Team, kilichosambaza maji na kutoa magari ya wagonjwa na huduma nyingine katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji. Hizo ni kazi ambazo sheria imeipa serikali ya kaunti. Seneta alikuwa akijijenga mbele ya wananchi kwa kazi za gavana, na mwaka 2017 aliomba kazi hiyo yenyewe. Alimshinda Kidero kwa tiketi ya Jubilee. Kiti cha useneta alichokiacha wazi kilichukuliwa na Sakaja, wa Jubilee pia, aliyemshinda Edwin Sifuna wa ODM.

Muhula wa Sakaja ulitoa fursa adimu ya kuona uzito wa kazi ya seneta. Mwaka 2020 Seneti ilikwama juu ya fomula mpya ya kugawa fedha za kaunti. Waliotaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi walibishana na waliohofia kwamba kaunti kame na zenye watu wachache zingepoteza mabilioni. Maseneta watatu walikamatwa na polisi mwezi Agosti, hasira zikapanda, na mjadala ukaendelea hadi mwafaka ulipopatikana Septemba, serikali kuu ilipokubali kuongeza shilingi bilioni 50 katika fungu la kaunti. Sakaja alikuwa miongoni mwa waliopinga fomula ya kuziumiza kaunti nyingine, ingawa kaunti yake ni yenye watu wengi kuliko zote. Je, wapiga kura wa Nairobi walikubaliana naye? Swali hilo lilistahili jibu la debeni.

Mwaka huo huo mtangulizi wake naye alifika mbele ya Seneti. Sonko alikuwa amekabidhi baadhi ya kazi za kaunti kwa serikali kuu mwezi Februari, na idara iliyoundwa kuzisimamia ikawekwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Mwezi Desemba wawakilishi wadi walipiga kura ya kumwondoa, na tarehe 17 Desemba 2020 maseneta waliidhinisha uamuzi huo kwa kura 27 dhidi ya 16. Baraza alilokuwa mwanachama wake miaka mitatu na nusu nyuma ndilo lililofunga ukurasa wake wa ugavana. Hakuna tukio lililoonyesha vizuri zaidi kwamba Seneti, ingawa haina bajeti ya kujenga, ina meno.

Hata hivyo, mwaka 2022 Sakaja naye hakukitetea kiti. Aligombea ugavana kwa UDA na kupata kura 699,392 dhidi ya 573,518 za Polycarp Igathe wa Jubilee. Sifuna, aliyekuwa sasa katibu mkuu wa ODM, alijaribu tena useneta na kumshinda Askofu Wanjiru, wa UDA safari hii, kwa kura 716,876 dhidi ya 524,091. Kwa mara nyingine jiji lilimpa gavana chama kimoja na seneta chama kingine.

Kuna maelezo mawili yanayotolewa kuhusu desturi hii. Maelezo ya kwanza yanasema kwamba chanzo ni ushindani wa Nairobi: mahali ambapo vyama vinakaribiana nguvu, kiti chochote ni cha mashaka, na mwanasiasa huona afadhali abahatishe kwa kiti kikubwa. Maelezo ya pili yanasema kwamba chanzo ni ofisi zenyewe: gavana ana fedha na seneta hana, kwa hiyo ngazi zote zinaelekea kwenye ugavana.

Njia ya kuyapima ni kuangalia kaunti za upande mmoja, ambako mshindani mkubwa wa seneta yumo ndani ya chama chake na vita halisi ni mchujo. Katika kaunti jirani ya Kiambu, Kimani Wamatangi alichaguliwa kuwa seneta mwaka 2013, akarudishwa mwaka 2017, kisha akawa gavana mwaka 2022. Siaya ilimrudisha James Orengo mwaka 2017, naye akapanda kuwa gavana mwaka 2022. Lakini Anyang' Nyong'o wa Kisumu na Kiraitu Murungi wa Meru hawakungoja. Waliacha useneta baada ya muhula mmoja na kushinda ugavana mwaka 2017, ingawa hakuna aliyeziita kaunti zao uwanja wa mashindano. Mifano hii inatuelekeza kwenye maelezo ya pili. Mvuto wa ugavana upo kila mahali. Ushindani huongeza tu haraka ya kuondoka.

Upande mmoja wenyewe si kinga ya kudumu. Gideon Moi alishinda useneta wa Baringo kwa tiketi ya KANU mwaka 2013 na akarudishwa mwaka 2017. Mwaka 2022 alirudi kwa wapiga kura mara ya tatu, lakini mkondo wa kaunti ulikuwa umehamia UDA. William Cheptumo alimshinda kwa kura 141,777 dhidi ya 71,480, karibu mara mbili. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama hukumu juu ya kazi ya seneta, na wapo wanaoyasoma kama wimbi la chama lililombeba kila aliyelipanda. Ukubwa wa pengo unaipa nguvu hoja ya wimbi. Katika kaunti ya namna hiyo seneta anaweza kurudi bila kuulizwa, na anaweza pia kung'olewa bila kuulizwa.

Lakini kurudi kuna faida. Moses Kajwang' wa Homa Bay, aliyeingia kwa uchaguzi mdogo wa Februari 2015, alirudishwa mwaka 2017 na mwaka 2022, na ameongoza kamati ya Seneti inayochunguza hesabu za kaunti. Ukaguzi wa fedha za umma ni ufundi unaojengwa kwa miaka mingi. Kaunti inayobadilisha seneta kila uchaguzi huanza somo upya kila mara, wakati wahasibu wa kaunti wanaokaguliwa hawahami. Nairobi, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2022/23 ilitengewa takriban shilingi bilioni 19 za mgao wa taifa, fungu kubwa kuliko la kaunti nyingine yoyote, ndiyo iliyohitaji zaidi jicho lenye uzoefu.

Uchaguzi ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Seneta anayetetea kiti chake anapaswa kuulizwa alikagua nini, alipiga kura gani kuhusu mgao wa fedha, na ni gavana gani aliyembana. Seneta anayetaka kuhamia ugavana anapaswa kuulizwa maswali hayo hayo, kwa sababu miaka mitano ya kumkagua gavana ndiyo ushahidi bora wa jinsi atakavyoshika ofisi hiyo. Katiba haiwezi kumlazimisha mtu atetee kiti chake, lakini mpiga kura wa Kayole anaweza kukataa kumpa kazi ya pili mtu ambaye hajaeleza alichofanya katika ile ya kwanza. Kura ya pili ambayo maseneta hawakuja kuiomba, anaweza kuipiga kwenye karatasi ya gavana.