Nyumba ya Makarani wa Tanga

Mwaka 1922, serikali ya Uganda ilipofungua juu ya kilima cha Makerere shule ndogo ya useremala na ufundi mwingine, ambayo hapana aliyedhani kuwa siku moja itatoa shahada, mjini Tanga walikuwapo tayari Waafrika waliojihesabu kuwa jamaa wa elimu, nao wakaazimia kuwa na chama chao na mahali pao pa kukutania. Tarehe 24 Machi ya mwaka huo Martin Kayamba na wenzake waliasisi Chama cha Watumishi wa Serikali wa Kiafrika wa Tanganyika. Na mtu atafutaye asili ya vyama vya wasomi katika nchi yetu, kabla ya kuuliza habari za vyuo vikuu, naona ni heri aanzie hapo.

Wanachama hao walitoka katika chemchemi mbili zisizofanana. Baadhi yao walilelewa na Shule ya Tanga, ambayo Wajerumani waliifungua katika miaka ya 1890 ili wajipatie makarani, walimu na maakida. Shule hiyo ilisomesha kwa Kiswahili wala haikushika dini yoyote, hata wazazi wa Kiislamu wa pwani wakawapeleka watoto wao pasipo hofu ya kubatizwa, na ndipo penye shule hiyo lilipopigwa chapa gazeti la Kiongozi. Wengine walikuwa wanafunzi wa Kiungani, Unguja, chuo cha misheni ya Kianglikana, waliokwisha kukijua Kiingereza. Maadamu Wajerumani walitawala, waliotangulia mbele walikuwa wale wa kwanza. Lakini Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, Kiingereza kikawa ufunguo wa ofisi, na watu wa Kiungani wakapanda daraja ambazo wenzao, japo walikuwa wazoefu wa kazi, iliwabidi wazipande polepole wakijifunza lugha mpya ukubwani. Kila mwenye akili aweza kukisia husuda na manung'uniko yaliyoweza kuzaliwa hapo, maana tofauti ya lugha ilikwenda sambamba na tofauti ya dini.

Kayamba mwenyewe alikuwa mtu wa Kiungani. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika ukoo wa Wakilindi waliotawala Usambara, na baba yake alikuwa mwalimu wa misheni aliyewahi kusoma Uingereza. Alifanya kazi Kenya, Uganda na Unguja kabla ya vita kuu ya kwanza, vita ambayo ilimkuta katika nchi ya Wajerumani na kumtia kizuizini Tabora. Akaachiliwa, akaja Tanga, akaingia katika ofisi ya wilaya. Mtu wa nasaba na elimu kama hiyo angaliweza kuridhika na jamaa zake wa misheni, nao wangalitosha kumjazia chumba. Yeye alitaka Waislamu na Wakristo waketi meza moja, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo fadhila yake kubwa kuliko vyeo vyote alivyovipata baadaye.

Kwa nini basi ilihitajiwa nyumba, na mabaraza ya Tanga yamejaa watu kila jioni? Karani wa siku zile aghalabu alikuwa mgeni mjini, aliyehamishwa kwa barua na ambaye barua nyingine ingemhamisha tena. Alipanga chumba katika mtaa wa Ngamiani, penye kelele za watoto na moshi wa jikoni, na mshahara wake haukumruhusu kujinunulia kila kitabu alichokitamani. Klabu ya Wazungu haikumfungulia mlango, Wahindi walikuwa na majumba ya jumuiya zao, uwanja wa kanisa ulikuwa wa Wakristo, na ukumbi wa msikiti wa Waislamu. Baraza la nyumba ya mtu ni zuri kwa mazungumzo, walakini gazeti lataka taa na kitabu chataka kabati lenye ufunguo, na mazungumzo ya barazani hufuata hadhi ya mwenye nyumba. Katika klabu ya chama hapakuwa na mwenye nyumba. Palisomwa magazeti, vitabu viliazimwa, chai ilinywewa, na timu ya mpira ikaundwa. Vijana wa Usagara, Chumbageni na Ngamiani wa leo, ambao habari za ulimwengu huwafikia kitandani, ni tabu kwao kufahamu uzito wa gazeti moja lililokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, nalo bado linasomwa kwa taadhima.

Nimeisifu nyumba hiyo kwa moyo wangu wote, na kwa moyo huo huo naona uchungu kwamba mlango wake ulikuwa mwembamba. Jina lenyewe la chama lilikwisha kuamua ni nani aingie: mtumishi wa serikali. Manamba waliokata mkonge uliotajirisha mkoa, wachukuzi wa bandarini, wavuvi na wakulima hawakuwa na kiti humo. Na wachukuzi wa bandari ya Tanga walipogoma mwaka 1939, waligoma kwa nguvu zao wenyewe.

Mlango mpana zaidi ulifunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 1929 iliasisiwa African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu, nayo ikawaita Waafrika wote, wawe watumishi wa serikali au wasiwe. Wanachama walijijengea nyumba yao New Street kwa kujitolea. Kayamba wakati huo alikuwa akipanda juu serikalini: mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka uliofuata akahamishiwa makao makuu ya serikali Dar es Salaam.

Miaka ya vita vya pili, pale Makerere, palipokuwa pamekwisha kuwa chuo, wanafunzi wa Tanganyika nao waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa nchi yao. Miongoni mwao walikuwa Julius Nyerere, Andrew Tibandebage, na mwana wa Tanga, Hamza Mwapachu. Chama hicho hatimaye kiliungana na kile cha New Street, kikawa tawi lake. Ndivyo wasomi wa chuo walivyoingia katika nyumba iliyotangulia kujengwa na makarani na mafundi, na katika nyumba hiyo, tarehe 7 Julai 1954, kikazaliwa chama cha TANU.

New Street ikaja kuitwa Barabara ya Lumumba. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa wanafunzi wachache wa sheria, na kwa kuwa hakikuwa na majengo yake, masomo yalianza katika jengo la TANU katika barabara hiyo hiyo, yakaendelea hapo mpaka chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964.