Skrini ya Undani

Vijana wanaotengeneza programu za simu, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, husema "ditelsi". Wakitakiwa kuandika Kiswahili kwenye kitufe, huandika "Maelezo", na wengi wetu tumelipokea neno hilo bila kulihoji. Mimi lilinikwaza siku nilipomwonyesha mama mmoja muuza kanga, Kariakoo, programu niliyomtengenezea. Kwenye orodha, chini ya kila kanga, palikuwa na kitufe cha "Maelezo". Alikigusa, ikafunguka picha kubwa, bei ya doti, rangi zilizobaki, na mahali pa kuagizia. Akainua uso: "Mwanangu, maelezo yenyewe yako wapi? Mbona naona kanga tu?"

Alisema kweli. Maelezo hutoka kwa mtu anayeeleza. Skrini ile haielezi kitu. Ni kanga ileile ya kwenye orodha, sasa imekunjuliwa. Orodhani mteja huona rangi na bei, basi. Jina la kanga, yale maandishi ya chini ya mji, halisomeki kwenye picha ya ukubwa wa stempu, na wanunuzi wengi hawatoi pesa kabla ya kulisoma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya skrini hiyo ni kumwezesha mteja kuivuta picha kwa vidole viwili mpaka jina lisomeke. Mengine yakae chini.

Ndiyo maana nashikilia "skrini ya undani". Kiswahili hutofautisha pale, kule na mle. Orodha iko pale. Ukigusa kanga umeingia mle. Na aliyeingia atataka kutoka, kwa hiyo pawe na kishale cha kurudi, na akirudi aikute orodha palepale alipoiachia, asirushwe juu kuanza upya. "Maelezo" halimkumbushi fundi jambo hilo. Najua kwamba undani ni kinyongo pia. Lakini kanga ngapi zimenunuliwa kwa sababu hiyohiyo?

Lipo suala la kinachovuka kutoka orodhani kwenda ndani. Wanaoanza kazi hii hubeba bidhaa nzima, picha na kila kitu, wakaikabidhi skrini ya pili. Kwenye Android mzigo huo hupitia bafa ya MB 1, tena bafa yenyewe hugawanwa na miamala yote ya programu inayoendelea wakati huo. Picha moja nzito inatosha kuiangusha programu. Inayopaswa kuvuka ni namba tu. Skrini ya undani iende yenyewe kwenye hifadhidata kuchukua yaliyobaki. Namba hiyo wengine huiita kitambulisho. Mimi nasema namba ya bidhaa, maana kanga haipangi foleni ya kadi.

Anayebeba namba peke yake anapata faida nyingine. Mteja akitumiwa kiungo na shoga yake kwa WhatsApp, ataingia undani moja kwa moja bila kupita orodhani. Hapo fundi ajiulize: mtandao ukisuasua, ataona nini? Na kama doti ya mwisho iliuzwa asubuhi? Skrini nyeupe si jibu. Iandikwe "Kanga hii imekwisha", na njia ya kwenda orodhani iwepo hata kama hakutokea huko.

Kwenye kishikwambi mambo hubadilika kidogo. Skrini ni pana, orodha na undani hukaa ubavu kwa ubavu, mpangilio ambao Apple iliwapa mafundi wa iPad tangu 2010. Hakuna anayeingia wala kutoka, kwa hiyo kishale cha kurudi hakina kazi.

Kwenye programu ya yule mama, kitufe cha "Maelezo" nilikifuta. Sikuweka "Undani" mahali pake. Hilo ni neno letu sisi mafundi. Mteja anagusa picha ya kanga.