Dirisha la Sidi Saiyyed

Daktari alisema mzee aachwe apumzike siku nzima. Vipimo vya moyo vilikuwa vimemchosha, na upasuaji ulikuwa keshokutwa. Mimi nikawa sina kazi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda nikihesabu matone ya dripu mpaka Baba mwenyewe akanifukuza.

"Nenda ukauone mji," akaniambia. "Miaka ishirini na miwili nimeusikia ukitajwa dukani. Jioni uje unisimulie. Na ule, usinirudie hapa na njaa."

Duka alilolisema lilikuwa la vitambaa, Mombasa, mali ya Mgujarati mmoja ambaye simtaji jina. Baba alianza kama mpagazi, akaishia karani wa stoo. Pale alijifunza Kigujarati cha kuuzia na kununulia. Na pale pale, kwa miaka yote hiyo, alikunywa chai katika kikombe chake cha bati kilichotundikwa msumarini nje ya mlango wa nyuma. Vikombe vya ndani vilikuwa vya wenyewe. Sikumbuki Baba akilalamikia mshahara, ila kile kikombe alikuwa akikitaja mara kwa mara, tena kwa kicheko, na ni hicho kicheko kilichokuwa kikinisumbua.

Nikatoka basi. Ilikuwa mwisho wa Aprili, saa moja asubuhi, na shati lilikuwa limeshashika mgongo. Sisi watu wa Pwani tunajidai tunajua joto, lakini letu lina bahari ya kulipoza. La Ahmedabad ni joto kavu, linakufuata hadi kivulini. Mei 2010 kipimo kilifika digrii 46.8, watu wakafa wengi, na mwaka 2013 manispaa ikatoa mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake Asia Kusini. Ndiyo maana nje ya maduka nilikuta mitungi ya maji ya bure, na watu wakinywa bila ya mdomo kugusa chombo. Nilijaribu, nikajimwagia kifuani. Hakuna aliyecheka.

Kifungua kinywa kilikuwa fafda, vipande virefu vya unga wa dengu vilivyokaangwa, na jalebi zinazochuruzika shira. Vitu hivi viwili vinaliwa pamoja, kwa papai bichi na pilipili za kukaanga. Chumvi na sukari kinywani kwa wakati mmoja, saa moja na nusu asubuhi! Nikaagiza tena.

Kwenye ashramu ya Gandhi, kando ya mto Sabarmati, sikukaa sana. Ni mahali pa utulivu na miti. Kutoka pale, tarehe 12 Machi 1930, aliondoka kwa miguu kwenda Dandi, zaidi ya kilomita 380, kuokota chumvi ambayo Waingereza walikuwa wameitoza kodi. Nikamfikiria Baba, ambaye chumvi amekatazwa na daktari, nikacheka peke yangu.

Nilichokuwa nimekifuata hasa ni msikiti. Ahmedabad ilianzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mji mkongwe bado una misikiti yake, malango yake, na vichochoro viitwavyo pol, vyembamba kiasi kwamba nyumba za mbao zilizochongwa zinagawiana kivuli. Mtu wa Mji wa Kale Mombasa hapotei humo, au tuseme anapotea kwa namna aliyoizoea. Lakini alama ya mji ni dirisha moja la mawe. Liko katika msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, karibu na Lal Darwaza, magari yakiuzunguka kama kisiwa. Fundi amelichonga jiwe la manjano mpaka likawa mti: shina, matawi yanayopindana, mitende katikati, na mwanga ukipita kati ya majani. Nimeona milango ya Lamu. Nimeona kazi ya Wahindi kwenye milango ya Unguja. Sijawahi kuona jiwe likitiiwa hivi. Au niseme likitii.

Aliyeujenga msikiti huo ni Mwafrika. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi katika utumishi wa Bilal Jhajar Khan, jemadari wa sultani wa mwisho wa Gujarat. Kabla chokaa haijakauka vizuri, jeshi la Akbar likaingia na usultani ukakoma. Baadaye Waingereza waliufanya msikiti kuwa ofisi ya serikali. Hebu piga picha: karani na mafaili yake, mgongo ameupa dirisha lile.

Hapa lazima nijizuie. Rahisi sana kusema "ni wetu" na kwenda zangu nikijipiga kifua. Sidi Saiyyed hakuwa Mswahili, na Wahabeshi waliokuwa na vyeo Gujarat wengi walifika India kama watumwa wa kijeshi, walionunuliwa wangali wadogo na kufunzwa silaha. Baadhi walipanda. Kule Dekani, Malik Ambar alipanda mpaka akawa ndiye anayeweka wafalme. Familia ya Kisidi ilitawala kijidola cha Sachin, karibu na Surat, tangu 1791 hadi 1948. Lakini kwa kila mmoja aliyepanda, walikuwapo wengi waliobeba mizigo, na miongoni mwao wamo waliotoka pwani yetu, kwenye majahazi yale yale yaliyotuletea vitambaa na shanga za Gujarat. Shuleni nilifunzwa majahazi kwa upande wa kilichoshushwa. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi; hilo tuliandika mtihani. Nani alipakiwa kurudi, hatukuulizwa.

Nje ya msikiti dereva wa tuktuk alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, miguu nje. Alipoinuka nikaduwaa. Uso ule nimeuona Kilifi, nimeuona Kwale, nimeuona kwenye harusi zetu. Nikamsalimia kwa Kiswahili bila kufikiri. Akanijibu kwa Kigujarati, naye bila kufikiri. Tukabaki tunaangaliana.

"Sidi," akasema, akijigusa kifua. Kwao ni upande wa Bharuch, karibu na Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor, walii wa Masidi. Kihindi changu ni cha sinema, Kiingereza chake cha abiria, lakini nilipomuuliza ngoma zao zinaitwaje akakunjua uso. "Goma," akasema. Akaipiga kwa vidole kwenye bati la tuktuk. Sikuhitaji mkalimani. Neno hilo limevuka bahari na limekaa karne nyingi bila pasipoti, likiwa limepungukiwa herufi moja tu.

Alikataa kunitoza nauli hadi mkahawani, nikalazimisha, akachukua nusu. Mchana nilikula sahani ya Kigujarati: dali iliyotiwa sukari guru, chapati nyembamba kama karatasi, mboga nne, na mtindi mwembamba wa chumvi na bizari nyembamba ambao naamini ndio unaowaweka hai watu wa mji ule. Vijana wa kuhudumu wanapita wakiongeza bila kuulizwa. Ukitaka waache, funika sahani kwa mkono. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Usiku nilikwenda Manek Chowk. Asubuhi hapo ni soko, mchana ni pa masonara, usiku panageuka jiko. Panaitwa kwa jina la Maneknath, mtawa ambaye, kwa hadithi yao, alikuwa akishona mkeka mchana kuta za mji zikijengwa, na usiku akiufumua, nazo kuta zinaanguka. Nilipata nafasi kwenye benchi, nikabanwa na familia ya watu sita. Bibi yao, bila kuniuliza, akanisukumia pau ya kuchovya kwenye rojo la viazi na nyanya. Akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Kisha chai ikaletwa kwa wote.

Saa nne nilirudi. Baba alikuwa macho. Nikamsimulia dirisha, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akaifuata mizizi kwanza na matawi baadaye. Nikamweleza kuhusu yule Sidi. Akataka nimpigie ile goma, nikaipiga kwenye chuma cha kitanda, taratibu.

"Na chai?" akauliza.

"Nimekunywa. Pale Manek Chowk, na familia moja."

"Kikombe gani?"

Nilijua atauliza. "Cha karatasi, Baba. Kila mtu alipewa cha karatasi, tukamaliza tukavitupa."

Akanyamaza kidogo. Kisha kile kicheko kikaja, kirefu, mpaka nesi akachungulia mlangoni kutazama mashine ya moyo.

"Hebu nipe tena hilo dirisha," akasema.